Bega la Kulia

Xabier Lertxundi hakuniuliza mfuko wangu ukoje.
Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba
kwenye bega la nje la tairi la mbele, kulia,
akasema: "Wewe unapenda vipilefti."

Kweli. Kutoka kwangu hadi maabara viko saba,
na sijawahi kuingia hata kimoja kwa haya.
Mengine matatu yameliwa kistaarabu.
Hili lina kipara cha upande mmoja,
nyuzi za chuma zinachungulia kama meno ya mtoto.
Tairi halitunzi siri. Limeandika
kila asubuhi niliyochelewa kuamka.

Akaniangushia moja jeusi tii, mifereji michache,
mpira unaonata kidoleni kama ulimbo.
"Hili, Garazi, utapanda nalo Etxegarate
kona zote bila kuinua mguu.
Litaisha kabla hujamaliza kulilipia."

Nikalishika muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Pembeni kulikuwa na mengine, nusu bei,
yenye jina ambalo hata yeye hakuweza kulisoma.
Rahisi ni ghali, tukayapita bila salamu.

Kisha lile la mvua. Na huku Goierri
mvua hainyeshi, inakaa.
Inakaa kama mkwe aliyekuja kwa siku mbili.
"Linakunywa maji hili, ila shavu lake laini.
Ukilikatia kona, litafikiri kwanza."

"Unabeba nini?"
Nikafungua buti: chupa arobaini na nane
za maziwa ya kondoo, kila moja na jina la zizi,
zimelala kwenye barafu. Ndiyo kazi yangu,
zizi hadi zizi, mlima hadi mlima,
kwa gari jekundu la milango mitatu
lililoundwa na watu wasiojua maziwa ni nini.

Xabier akaguna. Wateja wote, alisema,
huja hapa na gari la Jumapili kichwani.
Mimi nawafungia la Jumatatu.

Nilitaka kubisha. Nikaikumbuka Februari,
mteremko wa Lizarrusti, majani yaliyooza barabarani,
usukani ulivyokuwa mwepesi ghafla
kama kitasa cha mlango usio na nyumba.
Chupa zote zilihamia kushoto kwa pamoja.
Farasi mmoja nyuma ya waya aliniangalia,
akaendelea kutafuna.
Sikumwambia mtu. Hata Xabier sikumwambia,
ingawa nadhani alikwisha kulisoma
pale begani.

"La mvua," nikasema, kwa sauti ndogo,
kama mtu anayeagiza supu kwenye meza ya walevi.
Manne. Hakunipongeza. Alilamba penseli, akaandika.

Yakafungwa, bado na vinyweleo vyake vya mpira
vikisimama kama vya mkono uliopigwa na baridi.
Kipya kinyemi, lakini kipya pia huteleza.
"Kilomita mia mbili za mwanzo
nenda kama umebeba mayai."
"Maziwa," nikamsahihisha.

Nikaingia kipilefti cha kwanza kama mgeni,
nikasubiri zamu yangu. Mwenye lori nyuma
akapiga honi. Alinifahamu.

Mwezi Juni, kwenye zizi la Maddi Otaegi,
nilikuta rundo la majani ya kondoo limefunikwa plastiki,
na juu yake matairi, kumi na kitu,
kuzuia upepo usifunue.
Moja lilikuwa limeteremka hadi chini, limelala ubavu.
Nililitambua kwa bega.
Lilikuwa limejaa maji ya mvua
na shomoro alikuwa ukingoni, anakunywa
pale pale chuma kilipochungulia.

Maddi aliniita kutoka mlangoni, chupa mkononi.
Nikamwambia nakuja.
Kwanza nikalizunguka mara moja, kwa miguu,
likiwa kushoto kwangu, kama sheria inavyotaka.
Shomoro hakuruka.